Deni la Bustani

Watu wengi hudhani kuwa shukrani ni neno. Mtoto hupewa kitu, huambiwa, "Sema asante," naye husema, na jambo huwa limekwisha. Malezi haya ni mema, na nyumba isiyoyafuata hulea watu wenye mioyo mikavu. Lakini yana upungufu mmoja: humzoeza mtu kushukuru pale tu anapouona mkono unaompa. Mkono ukijificha, au ukiwa mbali, au ukiwa umezikwa zamani, mtu huipokea zawadi kana kwamba ameiokota njiani. Katika insha hii nataka, msomaji, tuulizane swali moja. Je, mtu aweza kuwa na deni la shukrani kwa watu asiowajua, nao hawatamjua kamwe? Na kama analo, atalilipaje? Sitakupeleka mbali kulitafuta jibu. Nitakupeleka nyuma ya jiko, penye bustani ya mboga.

Bustani ninayoisema si shamba la biashara. Ni kipande cha ardhi ambacho ukubwa wake aghalabu hauzidi uwanja wa mpira wa wavu wa shuleni. Hakina mistari iliyonyoka. Mgomba husimama pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mnavu huota wenyewe palipotupwa majivu. Maharagwe huparamia mabua ya mahindi, na malenge hutambaa chini yake, yakaufunika udongo kwa majani mapana hata jua lisiukaushe upesi. Pembeni pana viazi vitamu, mihogo, nduma karibu na mfereji, vitunguu kidogo, nyanya chache, mashina ya sukuma wiki, na kunde kila mahali. Mgeni aliyezoea mashamba makubwa akipita hapo huona vurugu. Aliyeilima bustani hiyo aujua kila mmea kwa mahali pake, na ajua kwa nini ukawekwa pale na si kwingine.

Hebu tusimame kidogo katika vurugu hiyo, tuuulize kila mmea kwao ni wapi. Kunde zitajibu kuwa ni Waafrika wenzetu, na mgagani na mnavu vitasema vivyo hivyo. Mtama ulianza kulimwa mashariki ya Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita. Wimbi ni mzaliwa wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Lakini ndizi na nduma zilivuka bahari kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vilivyo jirani nayo. Mbaazi zilitoka Bara Hindi, na vitunguu Asia ya Kati. Jamaa ya sukuma wiki ilitoka pwani za bahari ya Mediterania. Maharagwe, viazi vitamu, mihogo, malenge na nyanya, vyote ni wageni kutoka Amerika. Na mahindi, ambayo wengi wetu hatukubali kuwa tumekula mpaka tumeuona ugali wake, yalitoka Mexico. Huko, yapata miaka 9,000 iliyopita, wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi moja ya mwitu yenye punje chache na ngumu. Walizipanda zilizo bora, wakachagua tena, kizazi baada ya kizazi, hata nyasi ile ikawa hindi tulijualo leo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Neno letu "mahindi" latukumbusha Uhindi. Mababu zetu wa pwani walikiona chakula hiki kikija kwa njia ya bahari, wakakiita kwa jina la nchi waliyoijua ng'ambo ya bahari ile. Hawakukosea kwa ubaya; walitaka kumtaja aliyewapa. Lakini aliyekiumba chakula kile kwa subira ya miaka elfu nyingi, yaani mkulima wa Mexico, hakutajwa. Shukrani ilitumwa, ikapotea njia. Nadhani hivyo ndivyo zilivyo shukrani zetu nyingi. Twamshukuru muuza mboga kwa mboga, na dereva kwa safari, nasi twafanya vema. Ila nyuma ya muuza mboga pana msururu mrefu wa watu ambao hatuwezi kuuona mwisho wake. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nasi twaweza kusema kuwa ukiona vyaota, vimechaguliwa, vikahifadhiwa, vikabebwa.

Labda wewe msomaji utanipinga hapa. Utasema: "Mwalimu, mimi ndiye niliyelima. Jembe lilinitoa malengelenge. Nilipalilia juani, nikateka maji kisimani. Nimshukuru nani kwa jasho langu mwenyewe?" Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Mtu ana haki ya kujivunia kazi ya mikono yake. Lakini hebu jaribu jambo moja. Chukua jembe lako, enda mahali pasipo mbegu hata moja, ulime kutwa. Utapata udongo laini na mgongo unaouma. Jasho lako ni lako, hapana anayekunyang'anya. Lakini jasho halioti. Kinachoota ni mbegu, nayo hukuiumba. Uliipewa na mama, aliyepewa na mamaye, naye akapewa na mwingine. Mtu aliyejenga ghorofa juu ya msingi wa mwenziwe aweza kujisifu kwa ghorofa, ila akiusahau msingi amekuwa mwongo.

Pana hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492 ndiyo iliyofungua njia ya mimea ya Amerika kuja upande huu wa dunia, na Wareno, ambao walifika Malindi mwaka 1498, walikuwa miongoni mwa walioileta Afrika. Twajua walioletwa na waliochukuliwa kwa njia zile za bahari. Merikebu zilileta mihogo na mahindi katika bara letu, na merikebu zikachukua watu wetu utumwani. Je, tushukuru kwa kilichokuja katika mkono uliotudhulumu? Jibu langu ni kwamba shukrani haina kazi ya kuosha dhuluma. Aliyenipa mbegu ni mkulima aliyeichagua, na mwanamke wa huku aliyeipokea ingali ngeni, akaijaribu kwa hofu katika pembe ya bustani yake, akaonja, akaona inafaa, akamwambia jirani. Nahodha aliyeibeba kwa faida yake mwenyewe hanidai kitu. Shukrani yenye akili humtafuta mwenyewe mtendaji wa wema, ijapokuwa jina lake halikuandikwa popote, wala haimsujudii kila aliyepita njiani na mzigo.

Sasa tuendelee mbele. Nimesema juu ya mbegu, lakini kichwani mwangu mna jambo mahususi zaidi, nalo ni wingi wa aina zake. Kwa nini tushukuru kwa kuwa mimea ni ya namna nyingi? Kama tumbo limejaa, si mmoja ungetosha?

Haungetosha, kwa sababu hapana mmea hata mmoja ambao umekamilika. Mahindi hutia nguvu, lakini hunyonya sana udongo. Kunde na maharagwe huja nyuma yake kama ndugu wenye huruma: katika mizizi yao huishi bakteria wadogo wanaotwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Mahindi peke yake hayamjengi mtoto. Nafaka za jamii ya kunde humpa protini, na majani ya kijani humpa madini ya chuma na vitamini. Mchicha hujibu upesi, ukavunwa baada ya majuma machache. Muhogo hungoja ardhini mwaka mzima na zaidi, ukastahimili kiangazi, ukatoka siku ambayo vingine vyote vimekwisha. Nyanya hupenda kutunzwa kama mgeni wa heshima. Mnavu huvumilia kusahauliwa. Kila mmoja una kasoro ambayo mwenziwe huisitiri. Wazee husema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, nayo bustani yaifundisha methali hiyo kila siku bila kufungua kinywa.

Historia nayo imefundisha jambo hilo kwa ukali. Katika nchi ya Ireland, karne ya 19, mamilioni ya maskini walikuwa wakitegemea viazi karibu peke yake, na sehemu kubwa ya viazi hivyo vilikuwa vya aina moja. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani. Kwa kuwa mimea ilifanana, ilikufa kwa kufanana. Majani yalikuwa meusi, na viazi vilivyochimbwa vikaoza. Katika miaka ile ya njaa watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao. Ni kweli kwamba serikali na wenye ardhi wa wakati ule walikuwa na lawama kubwa, maana vyakula vingine viliendelea kupakiwa merikebuni na kuuzwa nje hali watu wanakufa. Lakini maskini yule, nyuma ya kibanda chake, hakuwa na mmea wa pili wa kumshika mkono. Hata kwetu Kenya, mwaka 2011, ugonjwa ulioua mahindi ulianza kuonekana huko Bomet, na mwaka 2017 kiwavijeshi mgeni kutoka Amerika akaanza kuyala mashamba yetu. Aliyekuwa na mahindi tu alilia sana kuliko aliyekuwa na mahindi, na viazi, na kunde, na ndizi.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtovu wa shukrani katika jambo hili. Naona ni haki nikueleze.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa baba, kwetu Vihiga, mahali ambapo watu ni wengi na mashamba ni madogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, nilirudi nyumbani likizo moja na kijitabu mkononi kilichoeleza jinsi ya kupata fedha kwa kilimo cha kabichi. Nilipiga hesabu kwa kalamu nyekundu. Kisha nikamwendea bibi, nikamwambia kuwa bustani yake ni upotevu wa ardhi, na kwamba ikisafishwa yote na kupandwa kabichi tutapata fedha. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ndiwe uliyesoma, mjukuu wangu." Kisha akauliza swali moja tu: "Na hizi nitazipata wapi tena?" Nikamjibu, "Sokoni, bibi."

Niling'oa kila kitu. Niling'oa kunde, mgagani, mrenda, malenge na mihogo michanga. Juu ya meko palining'inia kibuyu cheusi kwa moshi, ambamo bibi aliweka mbegu zake zilizochanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu. Nilikiona uchafu, nikakitupa katika shimo la taka, nikawasha moto. Bibi alikuwa amekwenda kanisani siku ile. Aliporudi akaitazama ile nafasi tupu juu ya meko, akaketi, akaendelea kuchambua mchele. Hakusema neno.

Msimu wa kwanza kabichi zilinenepa, nikauza, nikamnunulia bibi blanketi, na kichwa changu kikawa kikubwa kuliko kabichi zenyewe. Msimu wa pili majirani nao walipanda kabichi, bei ikaanguka. Kisha wakaja viwavi. Majani yote yakawa kama chekeche. Niliporudi likizo ya Desemba nilikuta visiki vyeupe vimesimama katika udongo mkavu. Na asubuhi moja nilimwona bibi akitoka na sarafu zimefungwa katika ncha ya leso. Nilimwuliza aendako. Akasema anakwenda sokoni kununua fungu la mnavu. Ule ule mnavu, msomaji, uliokuwa ukiota bure juu ya majivu yake mwenyewe.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaniambia, "Usiniombe mimi radhi. Nenda ukaombe mbegu."

Nikaenda. Ni vigumu kijana msomi kubisha hodi nyumba hata nyumba akiomba mbegu za mboga kama mtu aombaye moto, lakini nilistahili ugumu ule. Nyumba ya kwanza walikuwa na mrenda. Ya pili hawakuwa na kitu, maana nao walikuwa wamefuata kabichi zangu. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mzee sana. Alipousikia ujumbe wangu alicheka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa. Akasema: "Hizi kunde ni za bibi yako. Alinipa mwaka 1984, ukame uliponimalizia zangu zote. Nimezipanda kila mwaka tangu hapo. Leo zinarudi kwao."

Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikaielewa hesabu ambayo kalamu yangu nyekundu haikuijua. Mbegu alizoziweka bibi zilikuwa zimeteketea kwa mkono wangu. Mbegu alizozitoa ndizo zilizobaki. Kama angalikuwa mchoyo mwaka ule wa ukame, asingalikuwa na kunde tena. Wahenga walisema, "Wema hauozi." Nilikuwa nimelisoma neno hilo darasani na kupata maksi kwa kulieleza, lakini maana yake niliipata siku ile mlangoni pa yule mama.

Lakini nisikudanganye kuwa vyote vilirudi. Palikuwa na maharagwe madogo yenye madoa mekundu ambayo bibi aliyapikia wagonjwa na wazazi waliojifungua, kwa kuwa yaliiva upesi na hayakusumbua tumbo. Nimeyatafuta katika masoko mengi. Sijayaona mpaka leo. Bibi amekwisha kufariki, na mtu ambaye angeweza kuniambia jina lake halisi ndiye niliyemnyamazisha kwa jibu langu la "sokoni". Pana makosa ambayo msamaha huyafuta moyoni, lakini ardhini hayafutiki.

Sasa turudi katika swali letu la kwanza. Mcha Mungu atasema kuwa shukrani zote ni za Mungu, Muumba wa mbegu na mvua, nami sina la kupinga. Lakini Mungu, kwa kadiri nionavyo, huvipitisha vipawa vyake mikononi mwa watu. Na anayemshukuru Mungu juu ya meza huku akiidharau mikono iliyoleta chakula, shukrani yake imefika nusu ya njia. Yule mkulima wa Mexico hawezi kurudishiwa wema wake. Mwanamke wa kwanza kupanda muhogo katika kijiji chenu hawezi kurudishiwa wema wake. Hapo ndipo wengine huhitimu kuwa deni limekufa, maana mwenye kudai hayupo. Mimi nasema deni halikufa, ila limegeuza uso. Halitazami tena nyuma kwa waliotupa; linatazama mbele kwa watakaotuomba. Yule mama mzee alilipa deni la bibi yangu kwa kunipa mimi. Nami sina njia nyingine ya kulilipa ila kumpa mwingine.

Usidhani kuwa fikira hii ni ya vikongwe wa vijijini tu. Palikuwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi aitwaye Nikolai Vavilov, aliyezaliwa mwaka 1887. Alizunguka dunia akikusanya mbegu za kila aina ya chakula, na mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, jirani zetu, akikusanya ngano na shayiri za wakulima wa kule. Alijua kuwa katika wingi wa aina ndimo mlimo kinga ya wanadamu dhidi ya njaa. Mbegu hizo ziliwekwa katika taasisi moja mjini Leningrad. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mji ule ulizingirwa na jeshi la Wajerumani kutoka Septemba 1941 hata Januari 1944, na watu mamia kwa maelfu wakafa kwa njaa. Ndani ya taasisi ile mlikuwa na mpunga, karanga, ngano na viazi. Walinzi wake walikuwa ni wanasayansi, nao pia walikuwa na njaa. Hawakuzila. Kadhaa miongoni mwao walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula, kwa kuwa waliona kuwa kile si chakula chao bali ni amana ya watu ambao hawajazaliwa. Vavilov mwenyewe hakuwako. Serikali ya nchi yake ilikuwa imemtia gerezani mwaka 1940, na huko gerezani, Januari 1943, naye akafa kwa utapiamlo. Mtu aliyetaka dunia isife njaa!

Sikuombi ufe kwa ajili ya kunde. Nimekusimulia habari hiyo ili uone uzito wa kitu ambacho mimi nilikitupa shimoni kwa dakika moja. Walichokifia wale wanasayansi ni ndugu yake kile kilichokuwa katika kibuyu cha bibi. Leo serikali nyingi zimejenga ghala za kuhifadhi mbegu. Yetu ya Kenya iko Muguga. Na huko Svalbard, katika barafu ya Norway, ilifunguliwa mwaka 2008 ghala moja ya kuhifadhi nakala za mbegu za dunia nzima. Hizo ni kazi njema. Lakini mbegu iliyolala ghalani haijui mvua ya mwaka huu, wala wadudu wa mwaka huu, na mtu hawezi kuila. Yaliyomo Muguga yanahitaji wenzi walio hai nyuma ya majiko yetu.

Je, utalipaje deni hili, wewe uliye mwanafunzi, huna shamba wala fedha? Kwanza, jua majina. Mnavu Waluo huuita osuga, Wakikuyu managu, Wakisii rinagu, na Waluhya lisutsa. Mmea ambao watu wameupa majina mengi umependwa na wengi. Mmea ambao jina lake limesahauliwa, kama yale maharagwe yangu, u njiani kupotea. Waulize wazee wangali hai, na uandike watakayokwambia.

Pili, kula bila dharau. Najua jinsi wanafunzi wanavyochekana kwa ajili ya mboga za kienyeji, wakiziita chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mwanamke wa Kenya, alitumia miaka mingi ya usomi wake kuzichunguza mboga hizo hizo, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo kwa kazi yake. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa dunia. Kama wakubwa hawa wamezionea fahari, wewe unaona haya ya nini? Wala sisemi uchukie kabichi. Kabichi haikunikosea, mimi ndimi niliyeifanya mfalme na kuwafukuza wenziwe. "Usiache mbachao kwa msala upitao," walisema wazee. Weka mbachao, na msala ukija uutandike kando yake.

Tatu, weka mbegu. Maganda machache ya kunde yaliyoachwa yakauke juu ya mti wake ni kazi ndogo ambayo hata mtoto aiweza. Nne, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, toa. Mpe jirani, mpe shangazi aliyeolewa mbali, mpe rafiki unayesoma naye anayetoka wilaya nyingine. Usimpe ili akushukuru. Mpe kwa sababu wewe ulipewa.

Mimi leo nina bustani ndogo nyuma ya nyumba ya mwalimu, katika chuo nifundishapo. Zile kunde zimo. Kila mwaka wanafunzi wangu wanapomaliza masomo na kwenda kufundisha, kila mmoja huondoka na punje ishirini katika karatasi. Wengine huzisahau mfukoni, najua. Wengine huzipanda. Siku moja huenda nikapoteza zangu tena, kwa ukame au kwa upumbavu. Na siku hiyo nitajua ni milango ipi ya kubisha hodi.

Leo jioni, msomaji, utakapoketi kula, usianze upesi. Itazame mboga iliyo mbele yako, umwulize aliyeipika jina lake, na alikoipata mbegu yake. Kisha sema asante, na kesho uende ukapande.